Namba ya Simu ya Kaka

Nilipokuwa kidato cha tano, mama alirudi kutoka duka la pembejeo na gunia tupu amelikunja kwapani. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku, ile ambayo sisi Wanyarwanda tunaiita nkunganire, lakini namba ya simu iliyoandikwa mbele ya jina ilikuwa ya kaka yangu. Kaka alikuwa ameshahamia Kigali na laini ameipoteza. Muuzaji alimwambia, "Mama, jina ni lako, ila namba hii si yako." Msimu ule mahindi yetu yalitoka mafupi na ya manjano, nami nikachelewa kurudi shuleni kwa kukosa karo. Kosa lilikuwa letu, maana ni sisi tuliotoa namba ile. Hata hivyo nilikasirika. Nikawa najiuliza ni nani aliyewaza kwamba mkulima awe na simu kwanza, ndipo apate mbolea.

Sehemu ya jibu nilikutana nayo chuoni bila kuitafuta. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka kila mmoja azungumze kwa dakika kumi juu ya Mwafrika aliye hai. Wenzangu wakachagua wanasoka na wanamuziki. Mimi nikamchagua Akinwumi Adesina wa Nigeria, kwanza kwa sababu ya tai zake za kipepeo, nakiri.

Adesina alizaliwa mwaka 1960. Baba yake na babu yake waliwahi kufanya vibarua katika mashamba ya watu wengine. Yeye alisomea uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Ife, kisha akapata shahada ya uzamivu mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Alifanya kazi kwa miaka mingi katika vituo vya utafiti wa kilimo, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa AGRA, shirika lenye makao yake Nairobi. Kwa hiyo alipoteuliwa kuwa waziri wa kilimo wa Nigeria mwaka 2011 hakuwa mgeni wa mambo ya mbolea.

Wakati huo serikali ya Nigeria ilikuwa ikinunua mbolea na kuisambaza yenyewe, na kati ya bohari na shamba mifuko ilikuwa ikiyeyuka. Adesina mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba wakulima walioipata hawakuzidi asilimia 11. Akaiondoa serikali katika biashara hiyo. Mkulima akaandikishwa, akaletewa ujumbe kwenye simu, akaenda nao kwa muuzaji wa karibu na kulipa nusu ya bei tu. Mitambo ya kazi hiyo iliendeshwa na Cellulant, kampuni iliyoanzia Kenya. Sisemi kwamba mpango wa kwetu ulitoka kwake. Lakini niliposoma habari hizo nilielewa kwa nini simu: ujumbe unamfikia mkulima bila kupita mkononi mwa mtu wa kati.

Hasira ikapungua, haikuisha. Nchini kwake kulikuwa na vijiji visivyo na mtandao. Lengo la kujitosheleza kwa mchele ifikapo 2015 halikufikiwa. Alipoondoka wizarani mwaka huo kwenda kuiongoza Benki ya Maendeleo ya Afrika, aliyoiongoza hadi 2025, mpango wa mbolea ulibaki na madeni ya wauzaji na haukudumu. Bado namheshimu. Mawaziri wangapi huulizwa habari zao kwa kipimo cha mfuko wa mbolea uliofika au usiofika?

Darasani nilitumia karibu dakika tatu nzima kueleza neno "ruzuku" tu. Nilipomaliza, mwenzangu kutoka Burundi akanyosha mkono: "Na asiye na simu je?" Nikasimama pale. Ningeweza kuwaeleza habari za mama yangu. Niliona aibu, nikasema muda umekwisha. Mwalimu alinitazama tu, akaita mwingine.

Likizo iliyofuata nilimnunulia mama simu ndogo ya vitufe kwa pesa za vibarua, tukaenda wote kubadilisha namba yake. Mwezi wa tisa, kabla ya kupanda, akanipigia niko maktaba.

"Mwanangu, ujumbe umekuja. Una maneno mengi."

"Usome, mama."

Mama husoma polepole. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, akanisomea neno moja moja, kilo za mbolea, bei, jina la duka. Alipofika mwisho akanyamaza kidogo, kisha akarudia kusoma jina lake.