Land Rover ya Mjomba na Difu la Mbio

Wasomaji wangu wa mjini, wiki hii tuache kumbi za starehe, twende vumbini. Mkipanda basi la Arusha kwenda Karatu mnakata kulia pale Makuyuni, mnafika Mto wa Mbu, mnanunua ndizi nyekundu dirishani, safari inaendelea. Kumbe pale pale kuna njia ya vumbi inayokwenda kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako mwendo wote. Ndiyo njia ya Selela, Engaruka, Ngaresero na Ziwa Natron. Watalii huipita wakiufuata Mlima Lengai, na wachache husimama Engaruka kuangalia mifereji na kuta za mawe za wakulima wa kale, mji uliohamwa miaka mingi kabla ya Mzungu kufika. Sisi wengine tunaipita na mbuzi, sukari, mabati na Land Rover ya mjomba.

Gari lenyewe ni 109 ya dizeli, Series IIA, yaani limenizidi umri zaidi ya mara mbili. Injini ni cc 2,286, nguvu za farasi 62 tu. Linabeba watu wangapi? Sisemi, trafiki nao wanasoma gazeti.

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yangu yale (tuyaache), mjomba alinichukua niwe utingo. Vumbini sikuwa na neno. Noma ilikuwa kwenye lami, siku za kufuata mzigo Arusha. Kila kitu kinatupita. Basi linatupita, Noah inatupita, siku moja ikatupita pikipiki yenye godoro. Abiria wa kike wanacheka, na mimi nimening'inia nyuma na miwani yangu ya jua. Aibu gani hiyo!

Sasa sikiliza siri ya mwendo. Difu la Land Rover hizi linasomeka 4.7, maana yake propela inazunguka mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ndiyo maana lina nguvu ya punda na mwendo wa punda. Difu za Range Rover na Discovery ni 3.54. Ukipachika hilo, injini ikiunguruma ileile ya spidi 60, gari linakwenda karibu 80. Tena mshale wa spidi utaendelea kukudanganya kuwa ni 60, kwa sababu waya wake unatoka kwenye gia boksi na haujui kilichobadilika nyuma. Nilipoambiwa haya na vijana wa gereji sikulala.

"Mjomba, tubadilishe difu."

"Mpwa wangu, gari linanilisha likiwa hivi hivi."

Nilimsumbua miezi miwili. Mwishowe akauza mtamba, tukaenda yadi moja Arusha. Fundi alikuwa nalo moja tu la 3.54. Akalifunga nyuma, akafuta mikono, akasema, "La mbele mtalifuata mkipata pesa. Kwa sasa msiguse fowili kabisa." Nilisikia. Mjomba alikuwa anahesabu noti. Nilipaswa kumkumbusha kila siku, na sikumkumbusha hata mara moja.

Kwenye lami, asikwambie mtu, tulipaa! Noah tuliipita sisi. Wiki tatu nilikuwa mfalme.

Kisha ikanyesha. Alfajiri moja tunatoka Engaruka, gari limeshona, na kwenye kiti cha mbele kuna mama mmoja na mtoto wake mdogo anayehema kwa shida, anapelekwa hospitali Mto wa Mbu. Tukafika korongo ambalo jana yake lilipitisha maji. Mchanga umelegea. Nyuma ikaanza kuchimba. Mjomba, kwa mkono uliozoea kazi hiyo miaka ishirini, akavuta kile kirungu chekundu cha gia nzito, ambacho kinaingiza na fowili palepale.

Mbele 4.7, nyuma 3.54. Magurudumu ya nyuma yanataka kukimbia, ya mbele yanayazuia. Kwenye mchanga matairi yaliteleza kidogo, ugomvi ukapoa. Tulipopanda kwenye mwamba wa ukingo matairi yakashika, hakuna la kuteleza. Pah! Shafti ya nyuma ikakatika kama muwa.

Mjomba hakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma.

Uzuri wa Land Rover hizi ni kwamba tairi halikai kwenye shafti. Unafungua bolti sita katikati ya gurudumu, unachomoa shafti bila hata jeki. Kipande cha ndani tulikivua kwa waya, tukafunga tena. Nyuma ikawa haina kazi, kwa hiyo haina tena wa kugombana naye. Gari likavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ila jepesi tu, mzigo haliwezi. Tulisukuma wote hadi juu, mjomba akaondoka na mama na mtoto. Sisi tuliobaki, na mbuzi wetu, tukatembea saa tatu. Mzee mmoja mwenye shuka jekundu aliniuliza njia nzima, "Kijana, ulikuwa unawahi wapi?"

Mtoto alikutwa na homa ya mapafu. Alilazwa siku nne, akapona.

Mjomba hakutaka tena kusikia 3.54. Mimi niliuza simu yangu na kutoa akiba ya kusomea leseni, tukanunua ekseli nzima aina ya Salisbury kutoka kwenye 109 ya Series III iliyokufa. Hiyo nayo ni 4.7, inaelewana na ya mbele, na shafti zake kule ndani zina meno 24, wakati zetu za zamani zilikuwa na 10. Ililetwa na lori la vitunguu, wanaume wanne kuishusha.

Tuliifunga wenyewe chini ya mgunga, na fundi wa Mto wa Mbu. Yuboliti tulizilowesha dizeli usiku kucha, asubuhi bado mbili zikakatwa kwa msumeno. Tahadhari kwako mwenye gari kama hili: hendibreki yake inashika propela, kwa hiyo ukiitoa propela ya nyuma huna hendibreki. Weka mawe. Nasema hivyo kwa sababu lilianza kunifuata. Na propela ya zamani haiingii, maana pua ya Salisbury ni ndefu. Inataka propela fupi, hakikisha unainunua pamoja. Sili mpya, kile kitundu cha kupumulia tukakizibua (kikiziba, oili inasukumwa hadi kwenye breki), oili namba 90 lita mbili na nusu, tukatoa upepo kwenye breki. Jua lilikuwa limezama.

Siku ya kwanza barabarani yule mama alikuwepo, mtoto mgongoni. Alilizunguka gari, akachungulia chini kama fundi.

"Hili ndilo lile la kutembea kwa miguu?"

"Hapana mama, tumelitengeneza."

Akapanda. Pikipiki ikatupita hata kabla ya Selela.