Kufunga mzigo: somo la papa wa chukudu kwa kijana anayetaka kurusha ndege

Goma – Zamani wakaaji wa Majengo, mtaa ulio karibu na kiwanja cha ndege, walijua saa kwa ngurumo. Ndege ikipita juu ya mabati, mazungumzo yalisimama kidogo, kisha yaliendelea pale yalipoachwa. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, kiwanja kikafungwa, na ngurumo zile zikanyamaza. Papa mmoja wa mtaa huo, mwenye miaka 53, bado huinua kichwa kila anaposikia mlio mkubwa. Mara nyingi ni radi, au lori.

Papa huyo ni mtu wa chukudu. Kwa zaidi ya miaka 25 alishusha viazi, makala na mbao kutoka Kibumba hadi sokoni. Sasa mguu wake wa kushoto unamsumbua na chukudu amewaachia vijana. Nyumbani kwake wanalala watu kumi na mmoja. Kati yao ni familia ya mdogo wake kutoka Masisi, waliokimbia mara mbili: kwanza hadi kambi ya Bulengo, kisha hadi kwake. Mtoto mkubwa wa familia hiyo ana miaka 20 na amepata diploma ya serikali. Jioni moja, bugali ikiwa bado motoni, alitoa neno lililomkaa moyoni kwa muda mrefu.

"Baba mkubwa, mimi nataka kuingia jeshi la anga. Nirushe zile ndege kubwa za kubeba."

Mama yake aliacha kusonga. Katika nyumba ya watu waliokimbia mara mbili, neno "jeshi" halipiti bila kuacha baridi. Papa hakukasirika wala hakucheka. Aliuliza neno moja tu:

"Kubeba nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Papa akaanza kumsimulia.

Mwaka 1994 alikuwa na miaka 22. Katika siku chache za katikati ya Julai, mamia ya maelfu ya watu, karibu milioni moja, walivuka mpaka kutoka Rwanda na kujaa Goma na kandokando yake, hadi Mugunga, Kibumba na Katale. Ardhi yetu ni mawe ya volkano. Kuchimba choo ni kazi ngumu, na kuchimba kaburi ni hivyo hivyo. Kipindupindu kiliingia. Katika mwezi wa kwanza, watu wapatao 50,000 walikufa. Papa alikuwa akipakia bidoni za maji ya ziwa kwenye chukudu, na siku nyingine njia ilizibwa na watu waliolala ambao hawangeamka tena.

Wakati huo anga lilikuwa limejaa ndege. Wafaransa walikuwa tayari kwenye kiwanja cha Goma tangu Juni, kwa operesheni yao iliyoitwa Turquoise. Mwishoni mwa Julai Wamarekani walianza yao, Support Hope, wakitumia Entebbe, Uganda, kama kituo chao kikuu. Ndege za C-130 na nyingine kubwa zaidi zilileta mitambo ya kusafisha maji, dawa, chakula na magari. Papa anasema hakujali bendera iliyochorwa mkiani. Alijali kitu kimoja: maji safi yalipoanza kutoka kwenye mabomba, bidoni zake za ziwa zilikosa wateja, na yeye alifurahi kukosa wateja.

Lakini kuna siku nyingine ambayo hasahau. Tarehe 24 Julai, C-130 tatu zilirusha chakula kutoka angani, kaskazini ya mji. Vifurushi vilikosa mahali palipokusudiwa, vingine vikaangukia mashamba ya migomba. Njaa ilikuwa upande huu, chakula kikashuka upande ule. Baada ya hapo msaada mkubwa uliendelea kuja kwa ndege zinazotua na kwa malori.

"Ndege ilikuwa nzuri," Papa alimwambia kijana. "Chakula kilikuwa kizuri. Marubani hawakuwa wajinga. Lakini kutupa mzigo kutoka juu kunataka mtu aliyepima upepo, mwendo na kimo, na mwingine chini aliyeweka alama na kuondoa watu. Mmoja akikosa, wote wamekosa."

Kijana aliuliza mtu wa chukudu ameyajulia wapi mambo hayo. Papa akamwonyesha mguu wake.

Miaka michache baada ya 1994 alikuwa akiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Mfanyabiashara mmoja alimpa pesa zaidi ili aongeze magunia mawili ya makala juu. Kamba ilikuwa imechakaa, na Papa alijua. Kwenye mteremko mzigo ulisogea mbele, usukani ukawa mzito, chukudu ikapinduka. Yeye alivunjika mguu. Kijana aliyekuwa akimsaidia kushika breki alipoteza vidole viwili. Hata leo, wakikutana sokoni, Papa humsalimu kwa kumshika mkono ule mwingine.

"Hakuna aliyenisukuma," alisema. "Ni mimi nilifunga vibaya. Na si mimi niliyepoteza vidole."

Ndege ya mizigo hufuata sheria ileile ya chukudu, kwa ukali zaidi. Ndani ya C-130 kuna mtu ambaye abiria hawamjui jina: mkuu wa mizigo. Katika jeshi la anga la Marekani kazi hiyo hufanywa na askari wasio maofisa. Mzigo hupangwa juu ya sahani za aluminiamu zenye upana wa mita 2.24 na urefu wa mita 2.74, hufunikwa kwa wavu na kukazwa, kisha husukumwa ndani juu ya magurudumu madogo yaliyo sakafuni na kufungiwa hapo. C-130 ya kawaida hubeba sahani sita. Kila sahani hupimwa uzito. Uzito huo huzidishwa kwa umbali wake kutoka alama moja ya mbele ya ndege, majibu yote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa uzito wote. Jibu la mwisho ni mahali ambapo ndege yote "inakalia", kama chukudu inavyokalia kati ya magurudumu yake mawili. Jibu likienda nyuma kupita mpaka, pua huinuka na ndege huishiwa nguvu ya kuelea. Likienda mbele mno, pua hukataa kuinuka.

Goma inaongeza ugumu wake. Kiwanja chetu kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka, ama mzigo mdogo zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika, na lava ikafunika upande wa kaskazini wa njia ya ndege. Kwa miaka mingi marubani walitumia njia iliyofupishwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere, kati ya maduka na nyumba. Watu wa Goma hawahitaji kusoma kitabu ili kujua kwamba mahesabu ya ndege yanawahusu hata wao ambao hawajawahi kupanda.

Inchi yetu ililipa somo la mzigo kwa bei kubwa. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuinuka kutoka kiwanja cha N'dolo na ikaingia katika soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 walikufa, karibu wote wakiwa watu waliokwenda kuuza na kununua. Tarehe 8 Mei 2003, Ilyushin 76 iliyokodiwa ilikuwa ikipeleka maaskari na familia zao kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi. Mlango mkubwa wa nyuma ulifunguka ndege ikiwa juu. Watu, pamoja na akina mama na watoto, walivutwa nje usiku. Rubani aliweza kurudi Kinshasa, lakini idadi ya waliopotea ilitajwa tofauti na kila upande: wengine walisema kumi na saba, wengine zaidi ya mia moja. Papa husimama hasa hapo. Ndege ikipakia watu bila orodha safi na bila kiti kwa kila mmoja, hata kuhesabu wafu kunakuwa ubishi.

Kijana naye alitoa simu yake. Alikuwa na video ambayo vijana wengi wameiona: ndege kubwa ya mizigo inapanda kutoka Bagram, Afghanistan, inainua pua kupita kiasi, inasimama angani kama jiwe lililotupwa juu, kisha inaanguka. Ilikuwa tarehe 29 Aprili 2013. Ndege hiyo ya kiraia ilibeba magari matano ya kivita ya jeshi la Marekani. Wachunguzi walieleza kwamba magari hayakufungwa inavyotakiwa. Moja lilirudi nyuma na kuharibu mitambo ya mkia. Watu saba waliokuwa ndani walikufa. Wachunguzi walitaka pia wanaosimamia mizigo ya namna hiyo wapewe mafunzo na vyeti vinavyoeleweka.

Papa aliitazama video mara mbili bila kusema. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Majengo:

"Unaona? Ndege njo inabeba, lakini mutu njo anafungaka."

Kwa sababu hiyo, majeshi ya anga yenye nidhamu hayamfundishi mtu mara moja na kumwacha. Askari hupanda cheo na kurudi darasani: kwanza kazi ya mikono, baadaye kuongoza wenzake, baadaye kusimamia kikosi. Barani Afrika pia kuna mikutano ya mafunzo, kama ile ya African Partnership Flight, ambapo askari wa anga wa nchi kadhaa hukaa pamoja na Wamarekani na kufundishana kuandaa mizigo, kusafirisha wagonjwa na kulinda ndege ikiwa chini. Mafunzo ya namna hiyo hayapigiwi ngoma. Matunda yake ni safari ambayo hakuna anayeizungumza, kwa kuwa ilifika salama.

Na somo si mahesabu tu. Wazee wa Maniema wanajua habari za Kindu. Mnamo Novemba 1961, askari 13 wa jeshi la anga la Italia, wa kikosi chenye makao Pisa, walitua Kindu na ndege mbili za C-119. Walikuwa wanahudumia Umoja wa Mataifa na walileta vitu kwa kikosi chake kilichokuwa pale. Maaskari waliokuwa mjini waliwadhani ni adui, wakawakamata na kuwaua. Waitalia wale walijua kazi yao ya kubeba. Lakini mzigo unashukia kati ya watu wenye hofu, na hofu haisomi maandishi yaliyo ubavuni mwa ndege. Askari wa anga anayetumwa mbali anatakiwa kujua anatua kwa nani, na wale wa chini wanatakiwa kujua anayetua ni nani.

Mama wa kijana, ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya, aliuliza swali lake.

"Na ndege hizo za jeshi, je, siku moja hazitabeba bunduki badala ya unga?"

Papa hakumdanganya. Alisema zinabeba vyote viwili. Alikumbusha Mei 1978, wakati C-130 za Zaire yenyewe ziliporusha askari wa Kifaransa juu ya Kolwezi. Alikumbusha pia Bunia mwaka 2003, wakati ndege zilipoleta kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa, Juni hadi mwanzo wa Septemba, watu wakiwa wamekimbilia karibu na kiwanja kutafuta usalama. Ndege haichagui. Watu ndio wanachagua, na kijana akiingia humo atakuwa mmoja wa watu hao.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, ilitangazwa kwamba kiwanja cha Goma kingefunguliwa kwa ndege za misaada. Habari hiyo ilipita redioni na familia nyingi zilizokimbia ziliisikiliza kwa makini: wenye wagonjwa wanaosubiri dawa, na wenye ndugu Kinshasa ambao hawajaonana nao tangu vita. Papa naye alisikiliza. Wengine waliuliza ni siku gani. Yeye aliuliza nani atapima, nani atafunga, nani atapokea chini.

Jioni ile bugali iliungua kidogo chini, lakini watu kumi na mmoja walikula. Baada ya chakula kijana alimfuata Papa nje, mahali chukudu ya zamani imeegemea ukuta. Papa alimpa kamba na magunia mawili ya makala, akamwambia apakie. Kijana alifunga. Papa alishika usukani kwa mkono mmoja, akatikisa. Gunia la juu likasogea.

"Fungua," alisema. "Anza tena."

Kijana alifungua. Mara ya tatu gunia halikusogea. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akitazama. Hakusema ndiyo wala hapana, lakini alikuwa amewasha taa ili mtoto aone fundo vizuri.