Safu inayoitwa "mwisho"

Wale mliokuja leo kutafuta sehemu ya tatu ya mafunzo ya hifadhidata mtanisamehe, itakuja Jumamosi. Leo naandika kuhusu kitu ninachofanya usiku nikishafunga kazi za ofisi. Nasoma manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, na hasa zile zinazosimulia mapenzi baina ya wanawake. Kila nikimaliza kitabu naandika uhakiki wake kwa Kiswahili.

Wajapani huziita yuri, jina la ua la yungiyungi. Jina lenyewe lina historia yake. Mwaka 1971 lilianza gazeti la wanaume wanaopenda wanaume, likaitwa Barazoku, yaani kabila la waridi. Mwaka 1976 mhariri wake, Itō Bungaku, akafungua ukurasa wa barua za wanawake, akawaita kabila la yungiyungi. Kabila likasahaulika, ua likabaki.

Mnaonifahamu mnajua kwamba nikipenda kitu lazima nikitengenezee jedwali. Hili halikupona. Nililianza kwa SQLite kwenye kompyuta yangu, na kila kitabu kina rekodi yenye safu hizi:

- jina, mwandishi, mwaka wa kuanza na wa kuisha, idadi ya juzuu
- umri wa wahusika wakuu
- alama za uchoraji, hadithi na wahusika, kila moja kati ya 10
- mwisho

Safu ya "mwisho" ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Haikubali maneno yoyote tu. Inakubali matano: kifo, ndoa, kuhitimu, wazi, pamoja. "Ndoa" hapa maana yake mmoja wao ameolewa na mwanamume. "Kuhitimu" maana yake shule imeisha na mapenzi yameishia getini. "Wazi" maana yake mwandishi amekuachia wewe. "Pamoja" inajieleza.

Sasa chukua jedwali hilo ulipange kwa mwaka, usome safu hiyo moja tu kutoka juu hadi chini. Utaona jambo ambalo alama za uchoraji haziwezi kukuonyesha.

Juu kabisa hakuna manga, kuna riwaya. Yoshiya Nobuko aliandika hadithi fupi za wasichana, Hana Monogatari, kati ya 1916 na 1924. Wasichana wa shule wanapendana, wanaandikiana barua, wanalia chini ya miti. Watu wazima wa Japani wakati huo hawakushtuka sana, kwa sababu walijua mambo hayo yana tarehe ya kuisha. Msichana atahitimu, ataolewa, barua zitafungiwa sandukuni. Mapenzi yaliruhusiwa kwa sharti kwamba yatakwisha.

Shuka hadi 1971. Yamagishi Ryoko anachora Shiroi Heya no Futari, kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa manga ya kwanza ya yuri. Wasichana wawili wako katika shule ya bweni Ufaransa na wanalala chumba kimoja. Mmoja anakufa. Rekodi inasema: kifo. Ukisoma vya zamani utakutana na neno hilo au na ndoa hadi uchoke, na baada ya vichache unaanza kusoma ukiwa umejikunja, kama mtu anayejua kwamba mtihani una swali ambalo hakulisoma.

Kisha mambo yanaanza kubadilika. Mwaka 2003 lilitoka gazeti la Yuri Shimai, lililokuwa la yuri peke yake. Halikudumu, lakini mwaka 2005 likafuatiwa na Comic Yuri Hime. Waandishi walipopata mahali pao pa kuchapisha, hawakuhitaji tena kumuua mtu ili hadithi ikubalike. Aoi Hana ya Shimura Takako ilianza miaka hiyohiyo, ikamalizika 2013 kwa juzuu nane. Ni ya mji wa Kamakura, watoto wa shule wanakutana kwenye treni asubuhi. Fumi ni msichana mrefu anayelia haraka, na tunapokutana naye moyo wake umevunjika tayari, kwa sababu binamu yake aliyempenda anaolewa. Angalia alichofanya Shimura hapo. Ile "ndoa" iliyokuwa ukurasa wa mwisho wa vitabu vya zamani ameiweka mwanzoni, kisha anauliza: haya, na maisha baada ya hapo?

Swali hilo ndilo ninalokiuliza kila kitabu sasa. Na baya zaidi, au zuri zaidi, ni kwamba mtu wa kwanza kulijibu hakulijibu kwa kalamu.

Yoshiya Nobuko, yule wa barua za sandukuni, alikutana na mwanamke aitwaye Monma Chiyo mwaka 1923. Wakaishi pamoja hadi Yoshiya alipofariki mwaka 1973. Sheria haikuwa na mlango wa watu kama wao, kwa hiyo mwaka 1957, Yoshiya akiwa na miaka 61, akamwasili Monma kisheria kama binti yake. Ilikuwa njia ya kuifanya serikali iwaone kuwa familia, na ya kumfanya Monma awe mrithi. Sisi waandishi wa programu tungesema mfumo haukuwa na sehemu ya kuingiza uhusiano wao, wakautumia mlango wa pembeni. Tunacheka tukisema hivyo kazini. Hapa hakuna cha kucheka.

Niliposoma habari hiyo nilikiweka kitabu chini, kwa sababu nilimkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliishi nje kidogo ya Nakuru na mwanamke mwenzake, muuguzi, katika nyumba yenye sukuma wiki nyuma na mbwa mmoja mzee. Waliishi hivyo tangu kabla sijazaliwa. Sisi watoto tukienda likizo tuliwaita wote wawili shangazi, na mmoja akikukatalia kitu hukuwa na haja ya kwenda kwa mwingine, jibu lilikuwa lilelile. Shangazi alipoanza kuugua sukari, huyo mwenzake ndiye aliyempeleka kliniki kila mwezi, na ndiye aliyejua sindano iko wapi usiku umeme ukipotea.

Shangazi alipofariki nilipewa kazi ambayo kila familia humpa mtu wake wa kompyuta: kuchapa kijitabu cha mazishi. Mnajua kinavyopangwa. Binti ya marehemu fulani na fulani, dada ya hawa, shangazi ya hawa, kisha walimu wenzake, kanisa, chama. Baba mdogo alinisomea majina nikichapa. Tulipofika kwa yule muuguzi akanyamaza kidogo, akasema, "Andika rafiki wa familia." Jina lake likaja baada ya chama. Siku ya mazishi alikaa hema la majirani.

Nyumba ilikuwa kwa jina la shangazi. Kabla ya mwaka kuisha ndugu zake walikuwa wameigawana, naye akarudi kwao na cherehani yake na mifuko miwili. Hakuna aliyemfokea. Walimpa hata nauli. Alikuwa tu hayupo kwenye orodha yoyote.

Mimi siwaelezi walikuwa nini. Hawakusema nasi hatukuuliza, na si kazi yangu kumsemea marehemu. Nasema tu kwamba neno rafiki limebebeshwa mizigo mingi katika nchi hii. Filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, iliitwa hivyohivyo: Rafiki. Ilipigwa marufuku Aprili mwaka huo, na Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Neno dogo, la heshima, linatosha kumficha mtu miaka mingi na kumtoa nyumbani kwa siku moja.

Basi tangu hapo sijaridhika na "pamoja". Pamoja wapi? Kodi ya nyumba analipa nani? Mmoja akilazwa, nani anaitwa na daktari? Nikaongeza safu ya pili karibu na ya kwanza, nikaiita "baada ya hapo". Hiyo haina maneno matano. Hiyo naijaza kwa sentensi nzima. Na vitabu vinavyonipa kitu cha kuandika humo ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Nitawatajia vitatu, na mjue nitafichua hadithi.

Cha kwanza ni Yagate Kimi ni Naru cha Nakatani Nio, juzuu nane, 2015 hadi 2019. Yuu amesoma hadithi zote za mapenzi na kusikiliza nyimbo zote, na mvulana anapomwambia anampenda hahisi chochote. Anakutana na Touko, kiongozi wa wanafunzi, anayempenda lakini anamwomba asibadilike, asimpende yeye. Hadithi inasonga polepole, lakini kila ukurasa una kazi. Nakipa 9 ya wahusika. Kilichonishika zaidi ni watu wa pembeni: mwalimu mmoja wa kike wa shule hiyo na mpenzi wake, mwanamke mwenye mkahawa. Msichana mmoja mwenye siri anakaa kwenye mkahawa huo na kuona kwa macho yake kwamba watu wazima wa aina hiyo wapo, wanachoka, wanataniana, wanaosha vikombe. Hakuna hotuba. Na sura ya mwisho inaruka miaka kadhaa mbele, wasichana wetu wako chuoni, bado wako pamoja. Geti la shule limepitwa.

Cha pili si cha mapenzi hasa, lakini hakikosekani. Nagata Kabi alichora maisha yake mwenyewe, kikachapishwa 2016, na tafsiri ya Kiingereza ikashinda tuzo ya Harvey ya manga bora mwaka 2018. Ana miaka 28, ana msongo wa mawazo, hali chakula vizuri, hajawahi kuwa na mpenzi, na anaamua kumlipa mwanamke ili ajue ukaribu ni nini. Nilikisoma nikiwa na umri uleule. Wanaotafuta uchafu humo watatoka mikono mitupu. Ni kitabu cha upweke, na cha mtu anayejifunza kutaka kitu kwa ajili yake mwenyewe bila kuwauliza wazazi kwanza. Safu ya "baada ya hapo": alianza kujihurumia kidogo.

Cha tatu ndicho ninachompa kila anayeniuliza aanze wapi. Tsukuritai Onna to Tabetai Onna cha Yuzaki Sakaomi kilianza 2021, na NHK ikakifanya tamthilia mwaka 2022 na tena 2024. Nomoto anapenda kupika vyungu vikubwa lakini hali sana. Jirani yake Kasuga anakula kwelikweli. Ofisini mapishi ya Nomoto yanachukuliwa kuwa ni ya kumfurahisha mwanamume, naye anaudhika: anapika kwa sababu anapenda kupika. Kasuga akienda mkahawani anapunguziwa wali bila kuulizwa, kwa kuwa ni mwanamke. Utotoni kwao sahani za baba na kaka ndizo zilizojazwa. Msomaji wa Kakamega hahitaji kuelezwa hapo, anajua firigisi huenda kwa nani. Mapenzi yanaingia polepole kupitia sahani, na tunafika hadi kutafuta nyumba ya kukaa wote wawili. Yaani kodi! Karibu nipige makofi.

Mwenzangu mmoja kazini alisoma uhakiki wangu wa kitabu hicho kabla sijauweka hapa. Alifika katikati akageuza kiti. "We, kumbe wote ni wanawake?" Nikamwambia imeandikwa hapo juu kabisa, yuri. Akasema alidhani ni jina la mwandishi. Kisha akarudi kwenye skrini: "Basi, wacha nimalize. Nataka kujua kama walipata nyumba."

Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na nusu yake ni ya Kiswahili. Andika "anampenda" na lugha yetu haiulizi nani ni mke nani ni mume. Majina ya Kijapani nayo hayamwambii kitu msomaji wa hapa. Mimi sifichi, lakini sarufi inampa msomaji nafasi ya kuwajua watu kabla ya kuwapanga mafungu.

Mambo machache ya mwisho. Nanunua nakala halali za Kiingereza, kutoka Seven Seas, VIZ na Yen Press. Vitabu vinavyochora wanafunzi kwa macho ya tamaa sivihakiki, na viko vingi. Na wanaoniambia Japani wamekwisha kulimaliza suala hili, hapana. Mtaa wa Shibuya ulianza kutoa vyeti vya wenzi mwaka 2015, jiji zima la Tokyo Novemba 2022, na cheti hicho si ndoa. Ndiyo maana waandishi wao bado wana cha kuandika.

Faili la jedwali nitalimpa atakayelitaka, safu zote mbili zikiwemo. Jumamosi tunarudi kwenye faharasa za hifadhidata na kwa nini hoja yako inachukua sekunde kumi. Njooni na kahawa.