Nilikataa ngiri 12 kwa sababu ya jiwe

Wasee, leo hakuna vidio. Leo ni kusoma tu, na naomba usome hadi mwisho, kwa sababu hii mambo imenikaa kooni tangu Januari.

Kwa wageni: mimi ndiye yule msee wa mawe. Niliacha kampasi mwaka wa pili. Mchana narekodia watu wa biashara ndogo ndogo vidio zao ndio nipate ya kula, jioni nakata mawe kwa balkoni. Mawe si kazi. Mathe huiita "huo mchezo wako wa kokoto", na sijawahi kumbishia.

Jiwe ninalokata sana ni akiki, wengine huliita ageti. Ni jamaa ya lile jiwe jekundu unaloona kwa pete za fedha za wazee kule Mombasa. Akiki huanza hivi: lava inatoka ardhini ikiwa na mapovu ya gesi ndani, kama soda uliyoitingisha. Ikipoa, mapovu yanabaki kuwa mashimo. Halafu maji yenye silika yanapenya mle polepole, yanaacha utando mmoja, baadaye mwingine, na mwingine, hadi shimo linajaa. Ndiyo maana ukilipasua unapata mistari, kama kitunguu. Kwa nje ni kokoto mbaya tu, hata mbwa hawezi kurushiwa. Uzuri wote uko ndani na hautauona bila kukata.

Mimi hununua vipande vya akiki ya Botswana, ile ya kijivu na pinki kutoka upande wa Bobonong, kwa muuzaji wa mawe mwenye leseni hapa Nairobi. Mashine yangu ni ya jua kali: mota ya mashine ya kufulia, shafti aliyoichonga fundi mmoja wa Kariobangi, na zile sahani za msasa wa almasi ambazo mafundi wa granite hutumia kwa kaunta za jikoni. Jiwe nalibandika kwa nta kwenye msumari mnene ndio nilishike vizuri. Naanza na msasa namba 50, nikipata umbo naenda 100, halafu 200, 400, 800, 1500, 3000. Mwisho ni ngozi na unga wa oksidi ya seriamu, ule wa kung'arishia vioo. Ukiruka namba moja, mkwaruzo utakungoja hapo mwisho ukicheka. Kinachotoka kinaitwa kaboshoni: chini bapa, juu mgongo kama wa kobe. Moja hunichukua kama jioni tatu.

Na maji lazima yadondoke muda wote. Hiyo si ya urembo. Vumbi la akiki ni silika, na silika ikiingia kwa mapafu haitoki. Kule Khambhat, Gujarat, India, watu wamekata akiki karne na karne, na ugonjwa wa silikosisi umewamaliza wengi. Kwa hivyo kama umeona vidio zangu ukaanza kusaga mawe makavu bila barakoa, wacha leo leo.

Sasa, Januari.

Mnajua Januari ya Kenya huwa na siku ngapi. Mimi nilikuwa siku kama ya sitini hivi, bedsita yangu inadai 7,500, na keyateka ameanza kunisalimia kwa jina langu kamili. Hapo ndipo jamaa akaniandikia inboksi. "Niaje msee wa mawe. Niko na jiwe la kupasuka. Nitengenezee mbili za pete, nikupe 12. Na urekodi, nataka kuposti." Akatuma picha.

Lilikuwa gogo. Kipande cha urefu wa mkono, pete za ukuaji zinaonekana, hadi mahali tawi lilitokea. Lakini kwa picha ya upande uliovunjika, lilikuwa jiwe tupu, linang'aa kama akiki. Mti uliogeuka jiwe. Nikamuuliza limetoka wapi. "Turkana. Msee wangu alinunua kwa kijana wa mbuzi, mia tano."

Ukweli usemwe, nilitamani. Mti uliogeuka jiwe hung'aa kuliko karibu kila kitu nimewahi kukata. Kile kilichotokea kwa lile povu la lava ndicho kilichotokea kwa mti: maji yenye silika yaliingia kwenye seli zake na kuacha jiwe humo. Na hiyo vidio, kati yangu na wewe, ingelipuka. Ngiri 12 na watazamaji juu.

Nikamwambia hapana.

Akadhani naogopa polisi. Basi tuanze na hiyo ya sheria, kwa sababu wengi wenu hamuijui. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu mabaki ya watu, wanyama na mimea iliyoishi Kenya kabla ya 1895 kuwa vitu vya kale. Mimea imo. Huo mti umo. Vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na huwezi kwenda kuvitafuta au kuvichimba bila kibali. Kwa hivyo lile gogo halikuwa la jamaa, wala la msee wake, na mimi ndiye ningeshika msumeno.

Lakini sitaki mtu adhani nilikataa kwa sababu ya uoga. Kenya tunavunja sheria nyingi tukielekea dukani. Nilikataa kwa sababu ya Kamoya Kimeu.

Kama shuleni walimpitia haraka, wacha nikurudishe. Kamoya Kimeu alikuwa kijana wa Ukambani aliyesoma shule ya msingi tu. Mwaka wa 1960 akaanza kufanya kazi na kina Leakey, kazi ya kuchimba. Agosti 1984, karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo kama kisanduku cha kiberiti kimelala katikati ya kokoto za lava. Rangi yake ilikuwa karibu sawa na kokoto zenyewe. Mimi na wewe tungekikanyaga. Yeye akajua ni mfupa wa fuvu. Wakachimba hapo, na wakapata zaidi ya mifupa 100 ya kijana mmoja aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Ndiye yule Turkana Boy, na yuko hapa hapa Nairobi, makumbusho. Mwaka wa 2021, chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimpa Kimeu shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka uliofuata.

Mimi mtu wa kuacha kampasi, hiyo stori nimeibeba kama kitambulisho. Kila nikiambiwa bila digrii huwezi kujua kitu, namfikiria huyo mzee ameinama juani. Lakini angalia kile alifanya alipoona kile kipande. Hakukiweka mfukoni. Mahali kilipolala ndipo palipowaonyesha wachimbe wapi. Kama mtu angekuwa amekipitia kabla yake, akakiokota kwa sababu kina umbo zuri, akakipeleka sokoni, hiyo mifupa mingine ingekuwa bado iko chini.

Na mahali ndio kila kitu. Turkana iko na matabaka ya majivu ya volkano, moja juu ya lingine, na wanasayansi wanaweza kupima umri wa majivu. Ukijua kisukuku kimelala kati ya majivu gani na majivu gani, unajua umri wake. Mti nao ukikatwa kipande chembamba ukawekwa chini ya darubini, unaweza kukuambia ulikuwa mti wa aina gani, hivyo hata mvua ilikuwa ikinyesha kiasi gani pale ambapo leo ni mchanga na upepo. Sasa beba huo mti hadi Nairobi kwa buti ya gari. Ukiuliza ulikuwa umelala wapi, jibu ni "Turkana". Turkana kubwa! Umri umeisha hapo. Halafu mimi niingie na msasa namba 50, nitoe gome, nitoe alama zote za juu, nibaki na vitu viwili vya kung'aa vya kidole.

Hapa ndipo nataka kuwafikisha. Akiki nikiikata, naifungulia. Kokoto ilikuwa imenyamaza, mimi nimeipa mdomo. Kisukuku cha Turkana nikikikata, nakinyamazisha. Mashine ni ile ile, maji ni yale yale, mikono ni ile ile.

Hata akiki yenyewe inafundisha hivyo. Kwenye miji ya kale ya pwani yetu, kama Shanga kule kisiwa cha Pate, na Kilwa upande wa Tanzania, wachimbaji wamepata shanga nyekundu za akiki zilizotoka upande wa Gujarat. Kwa sababu zilipatikana ndani ya tabaka lake, pamoja na vigae na sarafu za wakati huo, tunajua watu wetu walikuwa wakifanya biashara na India karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kutia nanga. Shanga hiyo hiyo ukiipata kwa mkufu wa mtu sokoni ni shanga tu. Nzuri, lakini haina ushahidi.

Najua mtaniambia nini. Ya kwanza: "Mbona wewe unavaa ile ya konokono?" Ni kweli, kaboshoni ninayovaa shingoni imejaa makombe ya konokono waliogeuka jiwe. Inatoka Wyoming, Marekani. Binamu yangu alinibebea, na huko sheria inaruhusu mtu wa kawaida kuokota makombe ya kawaida, kwa kiasi, kwa matumizi yake mwenyewe, kwenye sehemu za ardhi ya umma. Yamejaa miamba mizima, na yamechunguzwa hadi basi. Wauza mawe waliyaita Turritella, konokono wa baharini, na wataalamu wakasema hapana, huyu ni Elimia, wa maji baridi. Kwa hivyo hapo palikuwa na ziwa, si bahari. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu watu walisoma mwamba. Na hiyo yangu siuzi.

Ya pili ni ngumu zaidi: "Yule kijana wa mbuzi je? Mia tano ni chakula." Hapa siwezi kupiga kelele, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na deni la nyumba. Ni kweli kwamba visukuku vya Turkana vimejaza vitabu vya dunia nzima, na mtu anayechunga juu yake bado anatembea mbali kutafuta maji. Hiyo si haki, na ningependa siku moja anayeonyesha mahali alipe karo ya watoto wake kwa hiyo kazi ya macho. Lakini hesabu ile biashara. Yeye mia tano. Mimi ngiri 12. Jamaa wa pete, picha na sifa. Kila hatua mbali na Turkana bei inapanda, na aliyeko karibu kabisa na jiwe ndiye anapata kidogo kabisa. Sasa nikikubali, nitakuwa nimemsaidia nani kama si mimi?

Nilimwambia jamaa apeleke lile gogo kwa Makumbusho ya Kitaifa, amtafute msee wake aulize kijana alilitoa wapi hasa, kabla mvua ifute alama. Akanijibu, "Bro, ni jiwe." Halafu akanibloki. Nyumba nililipa wiki mbili baadaye, baada ya kurekodi matangazo ya kinyozi na ya mama wa mandazi. Keyateka sasa ananiita kwa jina la utani tena.

Kwa hivyo hii ndiyo msimamo wa hapa kwangu, na haubadiliki hata mkituma ngiri 50. Kisukuku cha Kenya sitakata. Mfupa, jino, kombe, mti, usiniletee. Na wewe ukitembea shagz au safarini, Turkana, Baringo, popote, ukaona jiwe limefanana na mfupa au gogo, liache hapo hapo. Piga picha, weka kitu cha kuonyesha ukubwa kando yake, hata funguo, hifadhi mahali kwa ramani ya simu, halafu uwaambie watu wa makumbusho. Picha unaweza kuposti wakishafika, sio kabla, usije ukawaelekeza wezi.

Lakini ukiwa na kipande cha akiki kibaya, kimekwaruzika, hakuna anayekitaka, hicho nitumie. Nina maji, nina msasa, na jioni ziko.