Karo Yangu Ilitoka Kiritiri

Asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hashukuru. Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili aliponipigia simu akaniomba maneno machache ya shukrani na ya kuwatia moyo wanaomaliza Kidato cha Nne, nilimjibu upesi, "Haya Mwalimu, nitaandika." Kumbe kusema ni rahisi. Jioni tatu nzima niliketi na karatasi tupu mbele yangu kwa sababu kuna shukrani moja ninayodaiwa, na kila nilipotaka kuandika nyingine, hiyo ilinikodolea macho kama mdai aliyekutana nawe sokoni.

Ndugu msomaji, kama hunijui, nilikuwa katibu wa chama hiki hadi Novemba 2024 tulipofanya KCSE. Tuliingia Kidato cha Kwanza mwezi wa Agosti 2021, barakoa usoni na kalenda imevurugwa na korona, tukasoma ya miaka minne mbio mbio kama watu waliokurupushwa na nyuki.

Kwetu ni Mbeere, upande wa Kiritiri. Wengi wakisikia Kaunti ya Embu hufikiria kule juu Manyatta na Runyenjes, kwenye kahawa, majani chai na mvua. Kule kwetu chini ni ndengu, kunde, mtama, mbuzi na jua. Na muguka. Nikija shule nilipanda gari la kwanza hadi Embu mjini, halafu la pili kwa barabara ya Meru: Runyenjes, daraja la mto Thuci, Chuka, na kuendelea. Hali ya hewa ikiwa nzuri, mlima uko mkono wa kushoto safari nzima. Nikiuona mlima nilikuwa najisikia nimekuwa mtu mwingine. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Darasani wenzangu wa Imenti walitoka kwenye chai na kahawa, nao hawakuwa na la kuficha. Hata wale wa Igembe na Tigania walisema waziwazi kwamba karo yao ni miraa, tena kwa maringo. Kwao miraa ni kitu cha heshima, huenda na wazee kwenye posa. Lakini muguka! Muguka ni mdogo wake miraa ambaye hakualikwa karamuni. Miraa hufungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Muguka ni majani matupu, hukamuliwa mtini na kutiwa mfukoni, na sifa yake ni ya makanga na madereva wa malori. Basi nilipopewa fomu ya kujaza kazi ya mzazi, niliandika neno moja: mkulima. Sikusema uongo. Lakini nilijua nilichokuwa nikifanya.

Katika ibada za Jumapili, wahubiri wageni walipenda kutaja bangi, pombe na muguka kwa pumzi moja. Wanafunzi tulisema, "Amina!" Nami nilisema Amina, tena kwa sauti kuliko wengine, maana nilikuwa mshiriki mwaminifu wa Umoja wa Wakristo na nilikuwa nasoma neno mbele ya watu. Sikuwahi kujiuliza ile sadaka Mama anayotoa kanisani kwetu kila juma ilikuwa inatoka kwenye mti gani.

Hebu nieleze mwaka wenyewe. Muhula wa pili wa mwaka 2024 ulichelewa kwa sababu ya mafuriko, shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Mama alinilipia nusu ya karo, akamwahidi mhasibu kwamba mwisho wa mwezi angemaliza. Alikuwa na hakika, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na miti ilikuwa imechipua vizuri. Siku chache tu baadaye Kaunti ya Mombasa ikapiga muguka marufuku. Kilifi wakafuata, na Taita Taveta pia. Viongozi wa kule walisema vijana wao wanaharibika.

Lazima mjue muguka ni mali ya namna gani. Kahawa inaweza kungoja ghalani. Ndengu zinaweza kungoja miezi. Muguka haujui kungoja: ukikamuliwa leo asubuhi, jioni uko barabarani, kesho uko Mombasa kwa mlaji, ukilala siku mbili tatu bila mnunuzi, umekuwa chakula cha mbuzi, na hata mbuzi wanachagua. Kwa hiyo soko likifungwa kwa wiki moja, mkulima hajapoteza faida ya wiki moja tu. Amelipa wachumaji, amelipa usafiri, na mzigo umerudi umekauka.

Mambo yalienda haraka baada ya hapo. Rais alikutana na viongozi wa Embu akasema marufuku ile haina nguvu kisheria, kwa sababu miraa na muguka zimo katika sheria ya mazao ya nchi. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikayasimamisha maagizo yale hadi kesi isikilizwe. Magazetini ilionekana imekwisha. Nyumbani kwetu haikuwa imekwisha, maana mnunuzi wa Mama aliogopa kukamatwa, akazima simu.

Mnunuzi huyo ndiye aliyemfundisha Mama Kiswahili. Sicheki. Mama hakupita darasa la tano, na Kiswahili chake chote ni cha simu: "Mzigo umefika?" "Tuma basi hiyo pesa." "Usinicheze, bwana, nina mtoto shule." Mimi mwenyewe, nikiwa mdogo, nilisikia Kiswahili cha Pwani kwa mara ya kwanza kwenye simu ile, sauti nyororo ikisema, "Ahsante sana mama yangu." Nilipofika shuleni nikasifiwa kwa matamshi yangu, walimu waliuliza nimeyatoa wapi. Nilisema redioni.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mapema mwezi wa Juni chama chetu kiliandaa mdahalo, hoja ikiwa kwamba muguka upigwe marufuku nchini kote. Katibu nikapangiwa upande wa kuunga mkono. Ningeweza kuomba nibadilishiwe. Sikuomba. Nilisimama mbele ya ukumbi nikanguruma kama simba wa Meru: nikataja vijana wa Likoni wasiolala usiku, mama zao wanaolia, pesa za chakula zinazoishia mdomoni. Nikamalizia kwa methali, nikapigiwa makofi hadi madirisha yakatetemeka. Upande wetu ulishinda. Yule mwenzangu wa Igembe aliyekuwa upande wa pili alinipa mkono akasema, "Umetumaliza, dadangu." Hakujua.

Siku tatu baadaye majina ya wenye salio la karo yalisomwa gwarideni. Langu lilikuwa la nne.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa shambani, si akichuma, alikuwa akipogoa tu ile miti ili asionekane amekaa bure. Aliponiona na begi hakushtuka. Aliuliza, "Mwanangu, umetumwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, kula kwanza." Hakuna lingine. Kesho yake aliuza mbuzi wawili, na kile chama chao cha akina mama, ambapo kila mwezi mmoja hupokea mchango wa wote, kikampa zamu isiyokuwa yake. Yule aliyekuwa apokee mwezi ule alikubali kungoja, na yeye pia ana muguka na ana watoto. Nilirudi shuleni siku ya nne na karo yote, noti zingine zikiwa zimekunjwa ndogo kama sigara, zinanuka moshi wa jikoni.

Sikumwambia habari za mdahalo.

Ikaja Siku ya Maombi ya watahiniwa. Mnaijua: mahema, wazazi na mito ya chakula, kwaya, mgeni wa heshima. Katika sehemu zetu hizi mgeni wa heshima huanza na historia. Atamtaja Dkt. Clive Irvine aliyefika Chogoria mwaka 1922 na misheni ya Kanisa la Scotland, hospitali na shule zikamea hapo. Atamtaja Bernard Mate wa Meru aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na Jeremiah Nyagah wa Embu aliyechaguliwa mwaka uliofuata, walimu wote wawili kabla ya siasa. Ni haki kuwataja. Mimi mwenyewe huwa nasisimka. Lakini siku ile nilimwangalia Mama, ameketi safu ya sita na ncha ya leso imefungwa fundo alimoweka nauli ya kurudi, na nikajua ni nani nilipaswa kumtaja mimi.

Tuliitwa mmoja mmoja kushukuru wazazi. Nikasimama. Nikasema kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka, "Namshukuru Mola, nawashukuru walimu, namshukuru mama yangu mpendwa, ambaye ni mkulima." Makofi. Nikarudi kuketi karibu naye. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha simu lakini neno hilo analijua, akaniinamia akauliza polepole kwa lugha yetu, "Mkulima wa nini?"

Nilinyamaza. Hakurudia. Alifungua kikapu akanipa chapati.

Mnakumbuka habari za wale wakoma kumi walioponywa, na mmoja tu akarudi kushukuru. Tangu siku ile mimi nawaza juu ya wale tisa. Pengine hawakuwa watu wasio na shukrani. Pengine waliona haya kurudi wakionekana kwamba waliwahi kuwa wakoma.

Basi nawashukuru walimu, ndiyo, na hasa yule wa Kiswahili aliyesahihisha insha zetu saa tatu za usiku kwa kurunzi umeme ulipopotea. Namshukuru mpishi aliyetuwekea githeri tulipochelewa uwanjani, na mlinzi wa lango aliyenifungulia siku ile niliporudi na karo bila kuniuliza nilikuwa wapi. Na namshukuru Mama, mkulima wa muguka wa Kiritiri. Nimeliandika neno hilo mkono ukitetemeka kidogo, nami sijabadilisha yote niliyosema kwenye mdahalo. Wale vijana wa Pwani ni watoto wa watu, na mama zao wanalia kweli. Muguka huo huo ndio uliotununulia madaftari. Yote mawili ni kweli, na mimi sijui kuyapatanisha. Ninachojua ni kwamba nilisimama ukumbini nikazungumzia la kwanza kana kwamba la pili halikunihusu, nikiwa nimevaa sare iliyonunuliwa nalo.

Nanyi mnaomaliza, msiingie chumba cha mtihani na mizigo ya namna hiyo. Mwambieni mzazi kabla. Kama baba anachoma makaa, kama mama anauza busaa, kama karo imetoka kwa shangazi mliyekosana naye, mtajeni kwa jina la kazi yake. Mimi nilifanya karatasi ya Insha na swali la Mama likinizunguka kichwani kama inzi.

Juu ya mtihani wenyewe, wacha niwaambie jambo moja ambalo sisi hatukuambiwa kwa hesabu. Mwaka wetu wa 2024 tulikuwa watahiniwa 962,512 nchini. Waliopata C+ na zaidi, ile ya kuingilia chuo kikuu kwa digrii, ni 246,391. Yaani karibu mmoja katika kila wanne. Katika meza ya watu wanne mliyoketi leo kwa chakula cha jioni, watatu huenda wasifike hapo. Je, hao watatu watupwe? Rafiki yangu wa kitanda cha juu alipata D+. Alijifungia nyumbani mwezi mzima asionane na mtu. Sasa anasoma ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi, na mwezi wa Aprili alikuja kwetu akatengeneza ile taa ya sola iliyokuwa imelala tangu niwe Kidato cha Pili. Mama alimpa kuku. Mimi na B- yangu hakuna kuku niliyepewa.

Halafu kuna ninyi wa mwisho. Wale watakaofanya KCSE mwaka 2027 ndio watakaofunga mlango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Nyuma yao ni Gredi ya 10, na mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza hata kimoja kilichoingia langoni. Kwa hiyo msiseme, "Wadogo wetu watajifunza wenyewe." Yale madaftari ya chama, kumbukumbu za midahalo, ule ubao wa methali tulioupaka rangi, muwape watoto wa Gredi mkononi, hata kama vitabu vyao ni vingine. Methali hazina mtaala.

Baada ya kuandika haya nilimsomea Mama, nikimfasiria kwa Kimbeere sentensi moja moja jikoni. Nilipofika kwenye mdahalo nilisoma haraka haraka, naye akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Alikoroga uji muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba nilisema vizuri, ila vijana wa Likoni ningewauliza wenyewe.

Nikaendelea hadi mwisho. Nikamuuliza kama kuna neno angetaka liondolewe. Akasema hakuna la kuondoa, ila hesabu si sawa: mbuzi walikuwa watatu. Wa tatu alimuuza baada ya mimi kuondoka, ili amrudishie yule mama wa chama zamu yake.

Nimeacha pale juu palivyo. Walikuwa watatu.