Programu ya Fundi na Swali la Mwanafunzi



Wazazi na wanafunzi wapenzi, leo ningependa kuwasimulia jambo lililotokea katika madrasa yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, mwezi wa Shaaban, Juni 2014. Nalisimulia kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mimi mwalimu.

Watoto 11 walikhitimu Qur'ani. Mzazi mmoja alituazima kamera ya ubora wa juu, tukarekodi sherehe nzima. Niliwaahidi wazazi diski nzuri kabla ya Ramadhani, yenye menyu, ili mtu abonyeze jina la mwanawe na kumsikia akisoma. Bibi wa mtoto mmoja alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja. Yeye nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Picha za ubora wa juu zina vitone 1920 kwa 1080, lakini DVD ya kawaida ina 720 kwa 576 tu. Diski ya Blu-ray hubeba GB 25, DVD hubeba 4.7. Nikahitaji programu ya kuhariri na nyingine ya kupanga diski. Fundi mmoja mjini akaniwekea Adobe Premiere Pro na Encore kwa bei ya soda. Kwa kweli Encore ilikuwa programu ya kazi hiyo hasa. Toleo lake la mwisho lilikuwa CS6, la mwaka 2012.

Kazi ikaenda vizuri mpaka mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 12, akaniuliza, "Ustadhi, programu hii tumeinunua?"

Nikamjibu, "Tumewekewa na fundi."

"Na fundi naye kaipata wapi?"

Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha kuhusu amana na mali ya mtu. Nikanyamaza.

Usiku sikulala vizuri. Nilijua kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia. Tena nilijiuliza: mtu akiniletea msahafu ulioibwa dukani, nitauweka mbele ya mtoto?

Asubuhi nikazifuta zote mbili. Kazi ya siku 9 ikapotea, zikabaki picha za kamera tu.

Kijana wetu mmoja wa chuo kikuu akatuwekea Linux, na ndani yake Kdenlive, programu ya bure kihalali. Tulihariri upya. Kwa DVD tukatumia DVDStyler, nayo ni ya bure na hutengeneza menyu, lakini haitengenezi Blu-ray. Kwa ubora wa juu tukatumia tsMuxeR, isiyo na menyu ya kupendeza. Hiyo huweza kupanga picha kwa mfumo wa AVCHD, ukazichoma kwenye DVD tupu ya kawaida. Nafasi inatosha kama nusu saa tu, na diski hiyo husomwa na deki nyingi za Blu-ray, wala si na deki ya DVD.

Ndipo nikawauliza wazazi wana deki gani. Nyumba mbili tu zilikuwa na Blu-ray! Swali hilo ningelianza nalo, nisingehangaika.

Diski zilichelewa hadi katikati ya Ramadhani, na baadhi ya wazazi walinung'unika. Walikuwa na haki, kwani ahadi ni deni. Ya bibi niliipeleka mwenyewe. Hakuuliza habari ya vitone. Aliomba sauti iongezwe, akamsikiliza mjukuu wake mara mbili.

Leo wengi wanatumia flashi na simu, na Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray Februari 2025. Lakini programu za wizi bado zipo. Mzazi, kabla mwanao hajaweka programu, muulize mambo mawili: atakayepokea kazi ana chombo gani, na programu yenyewe imetoka wapi. Na akikuuliza wewe, usimkemee.