Sinia la Jirani

Ndugu msomaji, kila ufikapo mwezi wa Desemba swali lile lile huzuka majumbani mwetu. Vijana huuliza: Je, yafaa Mwislamu kula chakula aletewacho na jirani siku ya Krismasi? Yafaa kupokea zawadi? Mimi si mwanachuoni, na fatwa nawaachia wenye elimu yake. Nitakalo ni kusimulia kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Huenda likamfaa baba mwingine kabla hajalitenda.

Ilikuwa mwaka 2000. Mwaka ule Ramadhani ilianza mwishoni mwa Novemba, hata Krismasi ikaangukia katika kumi la mwisho, siku mbili tatu tu kabla ya Idi el Fitri. Tulikuwa tukikaa Tanga, mtaa wa Ngamiani, na nyumba iliyotazamana na yetu ilikaliwa na mama mmoja Mkristo, mjane, asili yake Muheza. Alikuwa jirani mwema sana. Mke wangu alipojifungua, yeye ndiye aliyemchemshia maji; na mama yangu mzazi alipofariki, alikuja kukaa nasi matangani siku zote tatu, kanga kichwani, kama mmoja wa jamaa zetu.

Jioni ya tarehe 25, mara baada ya adhana ya magharibi, tumekwisha kufungua kwa tende na twangoja uji, tukasikia hodi mlangoni. Alikuwa binti wa yule mama, amejitwika sinia lililofunikwa kawa. Ndani yake mlikuwa na pilau ya kuku, na mkononi alishika mpira mdogo, mpya, akampa mwanangu ambaye siku zile alikuwa na umri wa miaka saba.

Wakati ule hamasa ilikuwa imenipanda. Nilikuwa nimehudhuria mawaidha juu ya ubaya wa kujifananisha na watu wa dini nyingine katika sikukuu zao, nami nikayachukua nusu, nusu nikayaacha msikitini. Nikasema, kwa sauti iliyosikika hata ng'ambo ya njia, kwamba nyumba hii haili Krismasi. Mke wangu akaninong'oneza, "Bwana, sahani ya jirani hairudi tupu. Wewe leo wataka irudi imejaa?" Sikumsikiliza. Nikautwaa mpira mikononi mwa mwanangu, nikamrudishia yule binti. Akajitwika sinia lake, akavuka njia kimya.

Mwanangu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, kwani sisi siku ya Idi hupewa nini?" Nikamwambia anyamaze, anywe uji.

Usiku ule, baada ya tarawehe, nikamweleza shekhe wetu habari ile, na moyoni nilitaraji sifa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Je, alikuita kanisani ukasali naye?"

Nikajibu, "La, Shekhe."

"Alikuletea kilichoharimishwa?"

"Sijui kuku wale walichinjwa na nani."

"Mimi najua," akasema, "kwa kuwa nimewachinja kwa mkono wangu huu. Aliniletea mwenyewe asubuhi, akaniambia kuwa ana jirani zake wamefunga, naye ataka wafuturu bila ya shaka. Basi hebu niambie, mwanangu, wewe ulirudisha kitu gani?"

Sikuwa na la kujibu. Ndipo aliponikumbusha kisa cha Bibi Asmaa, binti wa Sayyidna Abu Bakr, kilichopokewa katika Musnad ya Imam Ahmad. Mama yake, ambaye alikuwa bado mshirikina, alimjia Madina na zawadi. Bibi Asmaa akakataa kuzipokea, wala hakumruhusu mama yake kuingia nyumbani, mpaka Bwana Mtume (s.a.w.) alipoulizwa. Hapo ikateremka aya ya 8 ya Sura ya Al-Mumtahina, itufundishayo kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu wala kututoa majumbani mwetu. Naye Mtume akamwamuru Bibi Asmaa apokee zawadi za mama yake na amkaribishe nyumbani.

Nikarudi nyumbani kichwa chini. Walakini ujasiri wa kuvuka njia na kuomba radhi sikuupata. Ni rahisi mno kupaza sauti mbele ya watu, na ni vigumu kuishusha.

Ikafika Idi. Mke wangu, bila ya kuniuliza, akapakua biriani, akalifunika sinia, akampa mwanangu alipeleke kwa yule mama. Nilikaa barazani roho juu juu, nikisema moyoni: leo nalo letu litarudi limejaa, na haki yake. Haikuwa hivyo. Alasiri yule mama alikuja mwenyewe, amelishika sinia letu kwa mikono miwili, limeoshwa likatakata. Ndani yake alitia kilo ya sukari na mpira ule ule. Akasema, "Jirani, Idi njema. Mpira huu sasa si wa Krismasi. Ni mkono wa Idi wa mtoto." Pale pale barazani, mbele ya wageni wangu, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Yamekwisha, Baba. Kaa na wageni wako."

Ndugu zangu Waislamu, nimeifikiri siku ile kwa miaka mingi. Sisemi kwamba yale mawaidha yalikuwa ya uongo. Nusu ile niliyoichukua ni kweli. Bwana Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujinga, naye akawaarifu kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili zilizo bora kuliko hizo, ndizo Idi zetu mbili. Hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Basi Krismasi si sikukuu yetu. Sisi twamwamini Nabii Isa (a.s.), na kuzaliwa kwake na Bibi Maryamu aliye bikira twakusoma katika Sura ya 19 iitwayo kwa jina la mama huyo; bali hatumwiti mwana wa Mungu, na sikukuu ile imejengwa juu ya itikadi hiyo. Kwa hiyo kusimamisha mti wa Krismasi katika nyumba ya Mwislamu, kuwavika watoto kofia nyekundu na kuwaambia wamngoje Baba Krismasi, hayo hayatufai, hata tukisema ni mchezo tu. Na katika jambo la kutoa salamu za siku ile, wanavyuoni wamekhitalifiana: wako waliokataza kabisa, na wako walioruhusu kwa adabu ya ujirani. Kila mmoja na amwulize mwanachuoni anayemwamini.

Lakini kupokea zawadi ya jirani ni jambo jingine. Hata Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, naye aliandika kitabu kizima cha kuonya dhidi ya kuwafuata wengine katika sikukuu zao, alitaja humo kuwa Sayyidna Ali aliletewa zawadi ya siku ya Nairuzi akaipokea. Na Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza mara mbili kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu yake. Hiyo ndiyo nusu niliyoiacha msikitini.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililonichoma zaidi. Swali la mwanangu halikuwa la utovu wa adabu. Nilikuwa hodari wa kumnyang'anya zawadi ya wengine, na mikononi mwangu sikuwa na kitu cha kumpa mahali pake. Idi nyumbani kwetu ilikuwa ni swala, biriani, na wazee kuzungumza barazani mpaka jioni. Watoto walipewa nguo tukipata fedha, na tusipopata waliambiwa wasubiri. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane, na mimi nikadhani zawadi ni mambo ya Wakristo! Mtoto hawi na jicho katika sikukuu ya watu ila akiiona ya kwao baridi.

Tangu mwaka ule tukaweka desturi mbili. Ya kwanza, kila Idi, baada ya kurudi kuswali, kila mtoto hupewa mkono wa Idi na mzazi wake, hata ikiwa ni kitu kidogo, naye huambiwa kuwa hii ni furaha aliyopewa na Mola wake kwa kumaliza saumu. Ya pili, kila mtoto huchukua sahani moja na kuipeleka katika nyumba isiyo ya Kiislamu. Sijaona hata mmoja wao aliyedhoofika dini yake kwa kubeba sahani hiyo.

Yule mama amekwisha kurejea Muheza kwa wanawe, na mwanangu naye sasa ni baba. Wenye kujua hesabu za mwezi wasema kwamba katika Desemba ya mwaka 2033 Idi el Fitri na Krismasi zitakaribiana tena namna ile ile. Mimi sijui kama nitakuwapo. Nimemwambia mwanangu, siku hiyo asikiapo hodi baada ya magharibi, afungue mlango, alipokee sinia kwa mikono miwili, wala asisahau kulirudisha likiwa na kitu ndani yake.

Mwenyezi Mungu atuthibitishe katika dini yetu, na atujaalie tuwe majirani wema. Amin.